Shajara ya mradi: kutafuta Kiswahili cha θέλγω

4 Februari

Leo nimefungua daftari la mradi huu. Kazi ni kukusanya mistari ya Homer, mshairi wa Kigiriki cha kale, yenye kitenzi θέλγω (thelgo), kuitia Kiswahili mmoja mmoja, na kuona kama neno letu moja linaweza kukibeba kitenzi hicho tangu Iliad, utenzi wake wa vita vya Troy, hadi Odyssey, utenzi wa Odysseus akirudi kwao Ithaca. Mistari yenyewe imezidi 20, mingi zaidi ikiwa katika Odyssey.

Kamusi za Kigiriki hutoa maana mbili kwa mkupuo: kuroga, na kudanganya. Msomaji anaweza kudhani kwamba kuna vitenzi viwili vilivyofichwa ndani ya kimoja, kwamba hapa kuna uchawi na pale kuna uongo. Mimi sisomi hivyo. Sirens, wale waimbaji wa baharini, wanapoimba, Hermes, mjumbe wa miungu, anaponyanyua fimbo yake, Calypso, mungu mke wa kisiwani, anapomnong'oneza Odysseus, mungu anapotupa hofu katikati ya jeshi, Homer anatumia neno lilelile wala haonyeshi kwamba amevuka mpaka wowote. Kama yeye hakuona mpaka, nami nataka kwanza nijaribu kutouchora.

Kwa kuanzia nimeandika "roga" kila mahali. Nitaona litafika wapi.

9 Februari

Nimetambua kwa nini "roga" lilinijia kwa wepisi. Kigiriki nilijifunza chuo cha dini, na Kigiriki chetu kilikuwa cha Agano Jipya. Humo thelgo halimo kabisa. Kuna jingine, βασκαίνω (baskaino), ambalo Paulo analitumia mara moja, katika Wagalatia 3:1. Biblia ya Union Version imeliweka hivi: "ni nani aliyewaloga". Miaka yote hiyo, kichwani mwangu, Kigiriki cha kuroga kilikuwa ndicho hicho, na nilipokutana na thelgo nikalivika nguo ya mwenzake.

Baskaino lina njia yake. Hilo ni neno la jicho. Ni kijicho, husuda, jicho la hasidi linalomdhuru mtoto mzuri au ng'ombe mwenye maziwa. Katika Kumbukumbu la Torati 28:54, tafsiri ya kale ya Kigiriki inalitumia kwa mtu anayemwangalia ndugu yake kwa jicho baya wakati wa njaa. Na Paulo, mara tu baada ya kuuliza ni nani aliyewaloga Wagalatia, anasema Kristo aliwekwa wazi mbele ya macho yao. Jicho dhidi ya jicho. Katika Kiswahili mchezo huo umepotea kidogo, kwa sababu kuloga kwetu si lazima kupitie machoni. Simlaumu mfasiri. Pwani wangeweza kusema "aliyewatia jicho", lakini sijui kama bara wangeisikia sentensi hiyo kwa uzito uleule.

Nimeliweka baskaino kando. Katika thelgo hakuna husuda. Anayefanya thelgo mara nyingi anamtaka mtu, au anataka kitu kutoka kwake.

17 Februari

Wiki nzima nimekaa na swali moja: kitenzi hiki kinapiga wapi? Nimeandika pembeni ya kila mstari kile kinachofanyiwa thelgo. Wakati mwingine ni mtu mzima mzima. Mara nyingi lakini Homer anataja sehemu: macho, akili (noos), au thumos, ile nguvu ya kifuani ambayo nimeamua kuiita moyo bila kuzunguka.

Mstari ulionishika kuliko yote uko Iliad 13.435, yaani kitabu cha 13, mstari wa 435. Alcathous, shujaa wa Troy na mkwe wa Anchises, yuko vitani mbele ya Idomeneus, mfalme wa Krete aliye upande wa Wagiriki. Poseidon, mungu wa bahari, anayafanyia thelgo macho yake yenye kung'aa na kuvifunga viungo vyake. Alcathous hawezi kurudi nyuma wala kukwepa. Anasimama kama nguzo, au kama mti mrefu wenye majani, na Idomeneus anamchoma mkuki kifuani. Mkuki unakwama moyoni, na kwa kuwa moyo bado unadunda, unaitikisa ncha ya nyuma ya mkuki.

Hapa hakuna aliyedanganywa jambo lolote. Hakuna uongo uliosemwa. "Mungu alimroga macho" nimeliandika na kulifuta mara tatu. Kinachotokea kwa Alcathous kila mtu wa kwetu anakijua kwa jina: amepigwa na bumbuazi. Macho yako wazi, mwili upo, mwenyewe hayupo.

Halafu nikaweka kando yake mistari mingine ya vita. Katika 12.255 Zeus, mkuu wa miungu, anavumisha upepo kutoka mlima Ida, vumbi linaelekea kwenye merikebu, na akili za Waakaya, yaani Wagiriki, zinafanyiwa thelgo. Katika 15.322 Apollo anaitikisa ngao yake ya kimungu, anawatazama Wagiriki usoni, anapiga ukelele, na mioyo yao inafanyiwa thelgo vifuani, "wakasahau ushujaa wao mkali".

Wakasahau. Nimelipigia mstari neno hilo kwa wino mwekundu.

18 Februari

Sikulala mapema. Nimeufuatilia usahaulifu.

Odyssey 1.56-57, mungu mke Athena analalamika kwa baba yake, Zeus: Calypso kila mara anamfanyia Odysseus thelgo kwa maneno laini ya kubembeleza, ili aisahau Ithaca. Circe, mungu mke mchawi, anachanganya dawa kwenye chakula cha mabaharia ili waisahau kabisa nchi ya baba zao. Anayesikiliza Sirens hatarudi nyumbani, mke na watoto wadogo hawatasimama kumlaki.

Basi hii ndiyo kazi ya thelgo. Mtu alikuwa anaelekea mahali, vitani, nyumbani, kwenye jambo lake. Linakuja la kumshika, tamu au la kutisha, na ule mwelekeo unamtoka. Uongo ni chombo kimojawapo tu. Dawa ni chombo. Wimbo ni chombo. Nimeanza kuamini kwamba zile maana mbili za kamusi zinataja vyombo, na tendo lenyewe halijatajwa bado.

2 Machi

Mistari ya Circe imekwenda haraka, kitabu cha 10 cha Odyssey chote kwa siku moja. Mbwamwitu na simba wanaotikisa mikia kama mbwa wa nyumbani. Hermes akimpa Odysseus mmea wa moly, mzizi mweusi na ua jeupe kama maziwa. Circe akishangaa kwamba mgeni amekunywa na hakudhurika. Hapa "roga" linakaa vizuri, maana dawa ipo, kikombe kipo, fimbo ipo. Ningekuwa nafasiri kitabu hiki peke yake, mradi ungekuwa umekwisha.

15 Machi

Leo nimekwama, na nashukuru nimekwama.

Rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha Kiswahili, amenisomea kurasa za kitabu cha 14. Amefika mstari wa 387 akasimama.

"Ndugu yangu, huyu mchunga nguruwe ana adabu au hana?"

Nikamwambia Eumaeus ndiye mwenye adabu kuliko wote katika hadithi hii.

"Basi mbona anamwambia mgeni, mzee, aliyekaa kwake anakula, 'usiniroge'? Umeshamwita mchawi. Mtu akiniambia hivyo nanawa mikono, naondoka."

Ni kweli. Na mstari unaofuata unamthibitisha. Hebu nilieleze tukio lote, kwa sababu mradi wangu umegeukia hapa.

Odysseus amefika Ithaca amejigeuza ombaomba mzee. Eumaeus, mtumishi wake, hamtambui. Anamkaribisha bandani, anamchinjia. Mgeni anasema kwamba Odysseus yu hai na atarudi. Eumaeus hataki kusikia. Alishadanganywa na mtu mmoja wa Aetolia, aliyemwambia kwamba amemwona Odysseus Krete, nyumbani kwa Idomeneus, akitengeneza merikebu zilizovunjwa na dhoruba, na kwamba angerudi kiangazi au wakati wa mavuno. Hakurudi. Basi anamwambia huyu mzee: wewe nawe, mzee mwenye majonzi mengi, kwa kuwa mungu amekuleta kwangu, usinifurahishe kwa uongo wala usinifanyie thelgo, mimi sikutendei wema kwa ajili ya hayo, nakutendea kwa kumcha Zeus wa wageni na kwa kukuhurumia.

Hiyo ni sauti ya mtu mpole aliyeumizwa. Hamtuhumu mgeni kwa uchawi. Anamwomba asimfanyie tena jambo tamu lililomuumiza safari iliyopita. "Roga" linamfanya katili. "Danganya" nalo halitoshi, maana uongo ameshautaja nusu mstari kabla. Homer asingetumia nusu ya pili kusema jambo lilelile kwa unyonge zaidi.

Nimefuta "roga" kitabu kizima cha 14. Sina cha kuweka badala yake. Nimejaribu laghai (ni la sokoni), hadaa (karibu, lakini halina utamu), ghilibu, rubuni, zuga. Zuga lilinikalia kwa muda kwa sababu linaigusa akili, ila kwa vijana wa sasa kuzuga ni kujifanya tu, kupoteza muda mbele ya watu. Teka ni zuri kwa malenga anayeteka nyoyo, lakini Alcathous kwenye mkuki hakutekwa.

16 Machi

Nyongeza ya jana, maana imenikesha.

Eumaeus huyohuyo, katika kitabu cha 17, anamsimulia Penelope, mke wa Odysseus, habari za mgeni. Siku tatu amekaa naye bandani, na mgeni hakuwa amemaliza masimulizi yake. Anasema: kama mtu amtazamapo malenga aliyefundishwa na miungu, awaimbiaye wanadamu maneno ya kutamanisha, nao wakatamani kumsikiliza bila kukoma, ndivyo huyu alivyonifanyia *thelgo* akiwa ameketi kwangu.

Alimwomba asimfanyie, na akafanyiwa. Anakiri mwenyewe, kwa furaha, mbele ya mke wa bwana wake.

Na tazama kilichomteka. Masimulizi yale marefu ya mgeni, Krete, Misri, kuvunjikiwa na merikebu, yalikuwa ya kutunga. Jambo moja tu humo lilikuwa kweli tupu, kwamba Odysseus anarudi, na ndilo pekee Eumaeus alilolikataa. Nimesoma kurasa hizi miaka mingi na sikuwahi kuliona mpaka neno moja la Kiswahili liliponikwaza.

23 Machi

Nimekuwa Tanga kwa shangazi siku tatu. Sikwenda kwa ajili ya mradi, lakini mradi ulinifuata.

Asubuhi ya pili nilimsomea kipande cha Eumaeus na Penelope. Nilikuwa nimerudisha "roga" kwa muda kwa kukosa jingine. Alisikiliza anachambua mchele, kisha akauliza, "Kamlisha nini?"

"Hakumlisha kitu, shangazi. Kamsimulia tu hadithi."

"Basi hakumroga. Kuroga kuna kitu. Kuna cha kula, cha kukanyaga au cha kufukia mlangoni."

Nikamuuliza yeye angesemaje. Akasema hajui, mimi ndiye niliyesoma. Tukaacha.

Mchana binti yake alikuwa anatoka kwenda kazini, na mjukuu, wa mwaka mmoja na nusu, alimng'ang'ania kanga analia. Shangazi akaniambia bila kugeuka: "Mwanangu, hebu mpumbaze huyo mtoto, mama yake apate kuondoka." Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakigonga kwa kijiko, nikakizungusha sakafuni. Mtoto akanyamaza. Machoni mwake machozi bado yapo, anatazama kifuniko kinavyozunguka, anacheka. Mama akapita nyuma yetu taratibu, mlango ukafungwa. Mtoto hakugeuka.

Nilibaki na kijiko mkononi.

Hilo ndilo. Nimemfurahisha, na ni furaha ya kweli, sikumpa ya bandia. Nimemhadaa pia, na hadaa nayo ni ya kweli, maana mama yake ameondoka. Nimemfanya asahau alikokuwa anaelekea. Vitu hivyo vitatu ni tendo moja, na shangazi amelitaja kwa neno moja, jikoni, pasipo kufikiri mara mbili.

6 Aprili

Nimerudi mwanzo wa orodha na "pumbaza".

Faida ya kwanza sikuitarajia: neno lina ukoo. Pumbaa, pumbaza, pumbazika, pumbazwa, pumbao. Alcathous amepumbazwa macho, amepumbaa kama nguzo. Circe anamwambia Odysseus: "Nashangaa umekunywa dawa hizi wala hukupumbazika." Telemachus, anapomwona baba yake ghafla amekuwa kijana na nguo nzuri, haamini: "Wewe si Odysseus baba yangu, ni pepo ananipumbaza, nizidi kulia na kuugua." Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, anakaribia kuzama mtoni Scamander na analalamika kwamba hakuna wa mbinguni mwenye kosa kama mama yake, "aliyenipumbaza kwa uongo", kwa kuwa alimwambia atakufa kwa mishale ya Apollo chini ya ukuta wa Troy, na sasa anaona atakufa kama mtoto mchunga nguruwe anayesombwa na kijito. Mstari huu wa Achilles ulikuwa umekufa kwa "danganya". Sasa ndani yake unamsikia mtoto aliyewahi kutulizwa.

Hofu yangu ilikuwa harufu ya "mpumbavu". Penelope katika kitabu cha 18 anaipumbaza mioyo ya wachumba kwa maneno matamu huku akili yake ikiwaza mengine, nao wanaleta zawadi. Hapo upumbavu ni haki yao. Lakini Eumaeus si mpumbavu. Nilimsomea rafiki yangu yuleyule mstari wa 387 kwa simu: "usinifurahishe kwa uongo, wala usinipumbaze." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo namsikia mtu mzima anayejijua." Nimeuacha.

Mahali pamoja neno limekataa. Odyssey 3.264, mzee Nestor anasimulia jinsi Aegisthus alivyomfuata Clytemnestra, mke wa Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki. Kigiriki kina kiambishi cha ndani, -sk-, kinachoonyesha tendo linalorudiwarudiwa: *thelgeske*, leo, kesho, keshokutwa. Na mwanzoni Clytemnestra alikataa, kwa kuwa alikuwa na akili njema. Kupumbaza ni tendo linaloshika. Aegisthus alikuwa bado anajaribu. Nimeandika "akimrairai kwa maneno", kwa sababu kurairai ni kazi ya kila siku na haina uhakika wa mwisho. Najua nimevunja sharti langu la neno moja. Ningevunja kitu kikubwa zaidi kwa kulishika.

Kinachoniuma katika kisa hicho ni yule malenga. Agamemnon alipoondoka kwenda Troy alimwacha malenga amlinde mke wake. Aegisthus alimchukua, akamtupa kisiwa kisicho na watu awe chakula cha ndege, na baada ya hapo mwanamke akakubali. Alijua lazima aanze na nani: na mtu wa pekee mle ndani ambaye kupumbaza kwa maneno ilikuwa kazi yake.

19 Aprili

Nimetoka nje ya Homer kwa siku chache, ili nione kitenzi kilivyozeeka. Gorgias wa Leontini, aliyefika Athens mwaka 427 KK kama mjumbe na kuwashangaza watu kwa usemi wake, ameandika utetezi wa Helen, mwanamke aliyelaumiwa kwa vita vya Troy. Humo anasema nguvu ya maneno ya uganga, ikikutana na maoni ya nafsi, huipumbaza, huishawishi na kuigeuza. *Ethelxe* ndilo la kwanza kati ya hayo matatu. Mtu akipumbaa kwanza, ndipo anaposhawishika. Mwanasiasa yeyote wa jukwaani anaujua mpangilio huo.

Na Plato, katika Euthydemus, anatumia neno jirani, *kelesis*: waganga huwatuliza nyoka, buibui na nge, na waandishi wa hotuba huwatuliza mahakimu na mabaraza. Wazee wetu wamesema maneno mema hutoa nyoka pangoni. Nimeinakili methali hiyo pembeni na kuendelea, siku nyingine nitaandika juu yake peke yake.

3 Mei

Fimbo ya Hermes imekwisha, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Mstari unarudi Iliad 24.343 na Odyssey 5.47: kwa fimbo hiyo huyafanyia thelgo macho ya watu awatakao, na wengine waliolala huwaamsha. Kwa "amsha" ubeti ulikuwa bapa. Nikakumbuka kuzindua. Leo tunalisikia kwenye hotuba, mtu mkubwa anakata utepe, lakini maana ya nyumbani ni kumtoa mtu kwenye usingizi mzito au kwenye bumbuazi, na aliyezindukana hutazama huku na huku akiuliza yuko wapi. Basi: "kwayo huyapumbaza macho ya awatakao, na waliolala huwazindua." Pumbaza na zindua, kama kufunga na kufungua mlango uleule.

Limebaki jina, *thelkterion*, kitu cha kufanyia thelgo. Penelope anamwambia Phemius, malenga wa nyumbani kwake, kwamba anajua mapumbao mengine mengi ya wanadamu, aache kuimba huu wimbo unaomchoma. Hilo limekaa. Gumu ni lile la Odyssey 8.509. Farasi wa mbao amesimama ndani ya Troy, na Watroy wameketi kumzunguka wakibishana: wamtoboe kwa shaba, wamburure hadi kileleni na kumtupa miambani, au wamwache awe sadaka kubwa, *thelkterion* ya miungu. Walichagua la tatu. Nimeandika "pumbao la miungu", nikalisoma kwa sauti. Wanaume wenye silaha wamenyamaza tumboni mwa farasi, na wenye mji wanajadili jinsi atakavyowapumbaza miungu.

Shangazi nimemsomea kwa simu jana jioni. Alitaka niendelee, nami nilikuwa sijatafsiri zaidi ya hapo. Nimemwahidi mistari kumi inayofuata kufikia Jumapili.